Trekta ya Zamani na Vumbi la Shinyanga

Mkulima wa pamba mkoani Shinyanga aliye na trekta ya zamani huijua asubuhi ile ya Novemba: mvua imenyesha, majirani wamekwisha kufunga ng'ombe kwenye plau, na injini haiwaki. Lawama huiangukia betri. Lakini mara nyingi kosa lilianza miaka mingi nyuma, katika bakuli la kuchujia hewa.

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Pistoni huigandamiza hewa mpaka ujazo wake upungue kiasi cha mara 17, nayo hupata joto lipitalo nyuzi 500 za Sentigredi. Dizeli ikinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Hewa ikivuja, joto hilo halipatikani.

Tuitazame Massey Ferguson 35, iliyotoka mwaka 1956 kwa jina la Ferguson 35. Injini yake ya kwanza ya dizeli, iliyotengenezwa na kampuni ya Standard, ilikuwa na silinda 4, na mafuta yalinyunyizwa katika kijumba cha pembeni. Kuta za kijumba hicho zilinyonya joto, ndiyo sababu ilijulikana kwa ukaidi wa kuwaka wakati wa baridi. Mwaka 1959 Massey Ferguson iliinunua kampuni ya Perkins, na trekta ikapewa injini ya silinda 3, ya lita 2.5, inyunyiziayo mafuta moja kwa moja juu ya pistoni. Silinda moja ilipungua, na ukaidi ukapungua pia! Injini ya jamii hiyo ikaendelea katika Massey Ferguson 135 ya mwaka 1964.

Hata hivyo, vumbi halichagui injini. Luseni, yaani udongo wa kichanga wa Usukuma utokanao na miamba ya itale, una chembe za kwatzi zilizo ngumu kuliko chuma cha silinda. Kinga ni lile bakuli. Hewa huteremka kwa bomba la katikati, hufika juu ya oili, kisha hugeuka ghafla kupanda. Hewa ni nyepesi, hugeuka. Vumbi ni zito, hutumbukia. Chembe ndogo zilizosalia hunaswa na wavu wa chuma uliolowa oili.

Oili ikipungua au ikiwa tope, vumbi hupita na kuzisaga ringi. Ikizidi alama, injini huweza kuinywa na kukimbia ovyo hata mafuta yakifungwa. Wakati wa kulima pakavu, bakuli lapaswa kufunguliwa kila siku. Wengi hubadili oili ya injini kwa uaminifu na kulisahau bakuli, kana kwamba ni pambo.

Anayetaka kununua trekta kuukuu aiwashe, aiache ipate moto, kisha akifungue kifuniko cha kutilia oili. Moshi ukitoka kwa kusukumwasukumwa, ringi zimekwisha kulika, na bei haina budi kushuka.