Chumvi, Kutu na Mteremko wa Feri

Kwenye mteremko wa kushukia feri ya Likoni kuna sauti moja ambayo mgeni haitambui na mwenyeji ameshaizoea: kra-kra-kra. Ni handibreki zinavutwa, gari baada ya gari, tangu juu kwenye stendi ya matatu mpaka chini maji yanapopiga saruji. Mbele ni mkondo wa Kilindini, upana wake takriban nusu kilomita. Nyuma ni bampa ya mtu mwingine. Abiria wa matatu wameshateremshwa na wanakwenda kwa miguu, wachuuzi wanapenya na njugu zao, na kila dereva aliyebaki kwenye usukani ana kazi moja tu: gari lake lisisogee hata shibiri.

Hapo ndipo magari ya Mombasa hufanyiwa mtihani ambao hayakuusomea. Sehemu kubwa ya kisiwa ni tambarare, na Kisauni vivyo hivyo, kuanzia Kongowea hadi Mwembe Legeza. Mtu anaweza kuendesha gari lenye gia za otomatiki mwaka mzima bila kugusa handibreki. Akifika nyumbani anasukuma gia hadi P, anachomoa ufunguo, anaingia ndani kunywa chai. Fundi akimuuliza handibreki aliivuta lini mara ya mwisho, hujibiwa kwa mshangao: ya nini, na P ipo?

P ipo, lakini ni haba. Ndani ya giaboksi, herufi hiyo ni kijino kimoja cha chuma kinachozama kwenye gurudumu lenye meno. Kwenye uwanja wa tambarare kinatosha. Kwenye mteremko, uzito wote wa gari hukilalia chenyewe, ndiyo maana dereva akitaka kuondoka husikia kishindo, ‘tak’, gia inapong’oka. Utaratibu unaolinda kijino hicho ni mfupi: mguu ubaki kwenye breki, gia iwekwe N, handibreki ivutwe kwanza, mguu uachie taratibu ili gari litulie kwenye handibreki, kisha ndiyo P. Wengi hufanya kinyume. Wengine hawaivuti kabisa.

Na handibreki isiyovutwa hufa. Katika magari mengi madogo yaliyoko barabarani, huwa ni waya wa chuma unaopita ndani ya mpira chini ya bodi hadi magurudumu ya nyuma. Unyevunyevu wenye chumvi ukiingia humo na waya haujongei, kutu huujenga ukuta wake kimya kimya. Siku ya kuvutwa, ama waya unalegea tu kama kamba ya nguo, ama unashika na kukataa kuachia, na dereva anatoka Likoni hadi Ukunda akinusa breki zinazoungua bila kujua ni zake. Kipimo chake hakihitaji gereji. Mtu hutafuta mteremko mdogo usio na watu, huweka gia N, huvuta handibreki, kisha huachia breki ya mguu pole pole. Gari likiteremka, jibu limepatikana. Idadi ya ile milio nayo husema kitu: handibreki nzima hushika ndani ya milio michache, na ikipanda mpaka mkono unafika juu kabisa, waya umelegea au viatu vya breki vimekwisha.

Mkaazi wa Likoni hahitaji kuelezwa kwa nini haya yanasemwa. Jumapili ya tarehe 29 Septemba 2019, gari dogo liliserereka kinyumenyume kutoka kwenye feri ya MV Harambee, likatumbukia mkondoni na mama na binti yake mdogo ndani. Lilikaa siku 13 katika kina cha takriban mita 58, wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji na wenzao wakilitafuta, hadi lilipoinuliwa tarehe 11 Oktoba huku umati ukiwa umejaa kingo zote mbili. Maswali yaliyoulizwa wakati ule yalihusu mengi kuliko breki: hali ya vivuko, milango yake, uwezo wa kuokoa. Yalikuwa maswali ya haki, katika kivuko ambacho husemekana kubeba zaidi ya watu 300,000 na magari 6,000 kwa siku. Lakini dereva hana mamlaka juu ya mlango wa feri. Alicho nacho mkononi ni handibreki, gia na ufunguo wa kuzimia injini. Wako ambao tangu siku ile hushusha vioo na kufungua mikanda feri inapong’oa, na kwa mara hii moja tu, kufungua mkanda garini ni jambo la busara.

Chumvi inayoula waya wa handibreki haikai Likoni peke yake. Kila lita ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na upepo wa kusi ukivuma, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, huibeba hewani hadi kwenye mapaa ya mabati, nyaya za umeme na matumbo ya magari. Chuma kingeshika kutu hata bila chumvi, maji na hewa vinatosha. Chumvi inaharakisha tu. Kazi ya miaka mingi kule Nakuru inamalizika huku kwa michache.

Kinachosikitisha ni kwamba chumvi nyingine tunajitilia wenyewe. Maji ya bomba ya Mombasa husafiri kutoka mbali. Bomba la Mzima, lililofunguliwa miaka ya 1950, linatoka chemchemi zilizoko zaidi ya kilomita 200 kutoka pwani, na maji yake hayajawahi kuwatosha wote. Kwa hiyo maosheo mengi ya magari pembeni mwa barabara hutumia kisima, na visima vilivyo karibu na bahari au vilivyochotwa kupita kiasi huwa na maji ya munyu. Mwenye gari hulipa, hulitazama linavyometameta, hupiga picha. Chini, kwenye mikunjo ya bodi na ndani ya milango, amepuliziwa chumvi kwa mashine ya presha.

Dawa yake ni ya bei nafuu hata inatia aibu: mtungi mmoja wa lita 20 wa maji matamu, yamwagwe mwishoni chini ya gari na ndani ya matao ya magurudumu, si juu ya bonneti. Kisha vitobo vidogo vilivyoko chini ya milango vizibuliwe kwa njiti. Vitobo hivyo viliwekwa kiwandani ili maji yanayopita kwenye kioo yatoke. Vikijaa mchanga na majani ya mwarobaini, mlango unageuka ndoo. Wako wanaopuliza oili chafu chini ya gari ili kuzuia kutu. Inazuia kiasi, lakini oili hiyo hiyo huzilainisha bushi na mipira ya shokamzoba hadi zikatike, na iliyobaki inadondoka mchangani kwenye ua ambamo kisima kimechimbwa. Rangi maalumu ya chini ya gari, ipakwe baada ya kutu kukwanguliwa, inagharimu zaidi mara moja na kidogo baadaye.

Unyevu huo huo unaingia mahali ambapo macho hayafiki: ndani ya mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya maji kutoka hewani, ndivyo yalivyoumbwa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 kipimo hicho kinaweza kushuka hadi 140. Breki zikipata moto kwenye mteremko mrefu, maji hayo hugeuka mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva anakanyaga, mguu unakwenda hadi chini, gari linaendelea na safari yake. Ndiyo maana mafundi makini hushauri mafuta hayo yamwagwe na kubadilishwa yote kila baada ya miaka 2, ushauri ambao hapa pwani hufuatwa na wachache mno. Wengi huongeza tu yanapopungua, na kupungua kwenyewe huwa ni habari kwamba pedi zimeisha au pana mahali panavuja.

Changamwe ina taabu ya namna nyingine. Huko gari dogo huishi chini ya kivuli cha matrela yanayotoka na kuingia bandarini, na kwenye foleni ya kutoka Magongo kwenda Miritini saa saba mchana, gari linatambaa hatua kumi na kusimama dakika tano. Feni inazunguka, upepo wa mbele haupo, na rejeta inategemea kilichomo ndani yake. Mara nyingi kilichomo ni maji ya kisima. Maji hayo huacha magadi kwenye mishipa ya rejeta kama yale yanayoganda chini ya birika, na huila pampu ya maji. Maji yanayotakiwa ni ya kupozea injini yenye dawa ya kuzuia kutu, yanayouzwa madukani yakiwa mekundu, kijani au buluu. Rangi zisichanganywe ovyo.

Mshale wa joto ukipanda, jambo la hatari kuliko yote ni lile ambalo msamaria wa kando ya barabara huja mbio kulifanya: kufungua kifuniko. Rejeta imefungwa kwa presha makusudi ili maji yasichemke kwa nyuzi 100. Kifuniko kikifunguliwa, presha inaondoka na maji yote yanachemka kwa mkupuo, usoni. Gari liwekwe pembeni, injini izimwe, pembetatu za hatari zipangwe nyuma, na watu wasubiri angalau nusu saa wakiwa nje ya gari, mbali na matrela. Kuhusu matrela yenyewe neno ni moja: dereva asiyeonekana kwenye vioo vya pembeni vya trela ajihesabu hayupo barabarani, na asijipenyeze upande wa ndani trela linapokata kona.

Upya wa gari hauondoi mashaka haya, kwa kuwa magari mengi huku ni mapya kwa mwenyewe tu. Yanateremshwa Kilindini kutoka Japani, na kwa mujibu wa kiwango cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, hayatakiwi kuzidi umri wa miaka 8. Kule yalikotoka yalikuwa yanakaguliwa kwa sheria: mara ya kwanza baada ya miaka 3, halafu kila miaka 2, na gharama ya ukaguzi huo, unaoitwa shaken, ni sababu mojawapo inayomfanya Mjapani auze gari ambalo huku linaonekana jipya. Likishapata nambari za Kenya, gari la binafsi limezoea kukaa miaka bila jicho la mkaguzi. Stika ya Kijapani ya oili bado imebandikwa mlangoni, hakuna anayeisoma.

Matairi ndiyo husahaulika zaidi. Yana meno marefu, yanavutia, na yanaweza kuwa yametengenezwa mwaka mmoja na gari. Umri wa tairi umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne: 3518 ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Wapo watengenezaji wanaotaka tairi likaguliwe kila mwaka likishapita miaka 5 na litupwe likifika 10, hata likiwa na meno, kwa sababu mpira huzeeka, na jua la Mombasa halisaidii. Upepo nao una mkanganyiko wake. Kibandiko cha mlangoni kinaonyesha kPa 230, mashine ya kituo cha mafuta inasoma paundi, kijana anauliza ‘ngapi?’ na mwenye gari anajibu lolote. Jibu ni paundi 33.

Zamani mkaazi wa Shika Adabu au Mtongwe angeweza kuzeeka na matairi hayo bila madhara, maana feri na foleni havikumruhusu kukimbia. Tangu barabara ya Dongo Kundu ikamilike mwaka 2024, anatoka kusini mwa Likoni hadi Miritini bila kuuona mkondo wa feri, juu ya daraja la Mteza lenye urefu wa karibu kilomita moja na nusu, lami laini, upepo wa bahari ukimpiga ubavuni. Mguu unanenepa wenyewe. Tairi lililopasuka nyufa ndogo ubavuni, ambalo lilihimili miaka ya kilomita 30 kwa saa, linapata joto ambalo halijawahi kulijua.

Mvua ya masika ikija, Kisauni nako madimbwi ya njia za ndani hayaonyeshi kina chake. Gari likizimika ndani ya maji, kosa ni kulipiga stata tena: maji yaliyoingia kupitia bomba la hewa hayabanwi na pistoni kama hewa inavyobanwa, na kinachopinda ni fito za injini. Lisukumwe, likavutwe, fundi atoe plagi kwanza. Lita chache za maji machafu zimewahi kugeuza injini nzima kuwa vyuma chakavu.

Hesabu ya yote haya huja siku ya kuuza. Mnunuzi anapanda treni kutoka Nairobi, anashuka Miritini, analikuta gari limeoshwa, limepakwa nta, viti vinanukia. Hatazami rangi. Anauliza liliishi wapi, Nyali, Likoni au kisiwani, anajibiwa kwa maneno matamu, anaitikia kwa kichwa. Halafu anafungua buti, anakunja zulia, anatoa tairi la akiba na kupitisha kidole chini ya shimo lilimokuwa. Kidole kinatoka na unga wa rangi ya hudhurungi, na mazungumzo ya bei yanaanza upya.