Bili ya mkalimani iende kwa nani?

Mwaka 2009, katika ukumbi wa mihadhara wa Chuo Kikuu cha Creighton mjini Omaha, Marekani, alikuwapo mwanafunzi wa udaktari aliyeufuata mhadhara kwa macho. Mwandishi wa hati mkato aligonga mashine yake kila mhadhiri alipofungua kinywa, na maneno yakatiririka kwenye kioo cha kompyuta: jina la mshipa, kipimo cha dawa, swali la aliyekaa nyuma. Michael Argenyi ni kiziwi. Bila maandishi yale angebaki kuokoteza vipande vya somo na kubahatisha yaliyosalia.

Bili ya mwandishi huyo ilikwenda kwake, si kwa chuo.

Chuo kilikuwa kimempa kitu. Kilimpa kiti cha mbele, mtu wa kumwandikia muhtasari, na kifaa cha kupeleka sauti ya mhadhiri moja kwa moja masikioni mwake. Alivijaribu, havikutosha. Alichoomba ni maandishi ya papo hapo darasani, na kwa mazungumzo na wagonjwa, mkalimani anayeonyesha sauti za matamshi kwa mikono karibu na mdomo. Alikosomea shahada ya kwanza alikuwa amezoea kupewa huduma hizo. Creighton ilipokataa, alikopa. Kwa miaka miwili gharama hiyo peke yake, mbali na ada, ilipita dola 100,000.

Kilichotokea mwaka wa pili kinastahili kutazamwa kwa karibu. Wanafunzi walianza kukaa na wagonjwa: maumivu yalianza lini, yanachoma au yanakata, nani mwingine katika ukoo aliwahi kuugua hivi. Katika mazungumzo ya namna hiyo neno moja likipotea, mtu anaweza kupewa dawa isiyo yake. Chuo kilimkataza kuingia na mkalimani hata kama angemlipa mwenyewe kwa pesa yake.

Hapo ndipo hoja ya bajeti inapovuliwa nguo. Kama tatizo lilikuwa fedha, mkalimani aliyelipiwa na mwanafunzi asingempunguzia chuo hata senti. Mabishano ya aina hii huanza kwa pesa, na pesa ikishajibiwa linaletwa neno jingine, “viwango”. Na neno hilo lina historia yake.

Januari 1979 umoja wa vyuo vya udaktari vya Marekani ulitoa mwongozo wa uwezo ambao mwanafunzi lazima awe nao: kuona, kusikia, kuwasiliana, kutumia mikono. Mwongozo huo ulitia shaka matumizi ya mtu wa kati kati ya mwanafunzi na mgonjwa. Miezi michache baadaye, tarehe 11 Juni 1979, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kesi ya Frances Davis, muuguzi wa ngazi ya chini kutoka North Carolina aliyetaka kusomea uuguzi wa ngazi ya juu katika chuo cha Southeastern Community College. Davis alikuwa na usikivu hafifu, akisoma midomo ya watu ili kuelewa. Chuo kilimkataa. Miongoni mwa sababu ilikuwa barakoa: katika chumba cha upasuaji midomo hufunikwa, na Davis asingejua ameagizwa nini. Majaji wote tisa walikubaliana na chuo.

Katika hukumu hiyo walitumia maneno yanayotamkwa hadi leo, kwamba sheria haidai mzigo wa fedha na wa utawala uliopita kiasi. Maneno hayo yalisafiri. Yaliingia katika kanuni na sheria za Marekani, na fikra yake ikakaa katika ibara ya 2 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara inayoeleza marekebisho ambayo taasisi inapaswa kumfanyia mtu mwenye ulemavu na mahali wajibu huo unapokoma. Kenya iliridhia mkataba huo mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Mkuu wa chuo wa Nairobi au Dodoma anayesema “hatuna uwezo” anasimama, ajue asijue, juu ya hoja hiyo hiyo.

Swali ni uwezo wa nani unaopimwa.

Mahakama ya rufaa ya shirikisho ilijibu vizuri mwaka 1990, katika kesi ya serikali dhidi ya Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham. Chuo kilikuwa kikiwanyima viziwi wakalimani mpaka wathibitishe kuwa hawana pesa, na mabasi yake hayakuwa yakiwabeba ipasavyo wanafunzi wa viti vya magurudumu. Kurekebisha usafiri kungegharimu dola 15,000 kwa mwaka. Bajeti ya usafiri ya chuo ilikuwa dola milioni 1.2. Mahakama iliziweka tarakimu hizo mbili bega kwa bega, ikaona hakuna mzigo wa kupindukia hapo. Sharti la mwanafunzi kuthibitisha umaskini wake nalo lilitupwa.

Kanuni za Marekani kwa vyuo vya umma zinakwenda mbali zaidi. Anayeruhusiwa kusema “gharama hii haibebeki” ni mkuu wa taasisi au mwakilishi wake, baada ya kutazama fedha zote zilizopo kwa ajili ya huduma husika, naye lazima aandike sababu zake. Mratibu wa kozi hawezi kumaliza jambo hilo kwa kauli ya mdomoni koridoni.

Umuhimu wa kanuni hiyo unaonekana ukishuka mpaka kwenye idara. Mkuu wa idara ya uuguzi ana kasma ndogo: glavu, sindano, midoli ya mazoezi, mafuta ya basi la kupeleka wanafunzi hospitali. Mletee bili ya mkalimani wa mwaka mzima, ataona glavu zikipungua mbele ya macho yake. Si lazima awe na roho mbaya. Amewekwa mahali ambapo kumkubali mwanafunzi mmoja ni kuwapunguzia wengine arobaini, na mtu aliyebanwa hivyo huanza, pasipo kukusudia, kutafuta dosari za mwanafunzi huyo. Ndipo neno “viwango” linapokuja kumwokoa.

Chuo cha Palmer cha jimbo la Iowa, kinachofundisha tiba ya uti wa mgongo, kilimwambia mwanafunzi asiyeona kwamba hawezi kuhitimu bila kuona, hata akiwa na msaidizi wa kumsomea picha za eksirei. Chuo hicho hicho kilikuwa kimeshahitimisha wasioona siku za nyuma. Juni 2014 Mahakama ya Juu ya Iowa ilimpa haki mwanafunzi. Na katika hospitali za Marekani mgonjwa asiyejua Kiingereza hutafutiwa mkalimani. Hakuna anayesema daktari anayemhudumia kupitia mkalimani huyo amepoteza udaktari wake.

Woga kwamba wanafunzi wenye ulemavu watafilisi vyuo hauungwi mkono na hesabu. Utafiti wa Meeks na Herzer uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA uliuliza vyuo vya udaktari vya Marekani, ukakuta wanafunzi waliojitambulisha kuwa na ulemavu ni asilimia 2.7, ule wa mwaka 2019 ulikuta asilimia 4.6. Katika ule wa 2016 kundi kubwa lilikuwa la wenye matatizo ya umakini, wakifuatiwa na wenye ugumu wa kujifunza na wenye maradhi ya akili. Mahitaji ya aina hiyo mara nyingi ni muda wa ziada wa mtihani na chumba tulivu. Wenye matatizo ya kusikia walikuwa kama wawili katika kila mia ya waliojitambulisha. Bili nzito zipo, ila ni chache, na huja bila kupanga foleni. Gharama ya namna hiyo haifai kuachiwa idara moja. Inataka mfuko wa pamoja.

Serikali nazo hujua kusukumiana. Nchini Uingereza, ruzuku ya serikali ilikuwa ikilipia wasaidizi wa wanafunzi wenye ulemavu. Mwaka 2014 ilitangazwa itapunguzwa, na kuanzia 2016 sehemu ya gharama za waandishi wa muhtasari na wasaidizi wengine ilihamishiwa kwenye vyuo. Mahitaji ya wanafunzi hayakubadilika. Kilichobadilika ni anwani ya bili.

Afrika Mashariki haikosi sheria. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Katiba ya Kenya ya mwaka huo huo, katika ibara ya 54, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu, na mwaka 2025 nchi hiyo ilipata sheria mpya ya watu wenye ulemavu. Wala haikosi watu. Mumbi Ngugi, mwenye ualbino, alisoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi na akafika Mahakama ya Rufani ya Kenya. Abdallah Possi, naye mwenye ualbino, alifundisha sheria Dodoma kabla ya kuteuliwa naibu waziri mwaka 2015. Kinachokosekana mara nyingi ni mstari wenye namba katika kitabu cha bajeti.

Argenyi alishinda. Septemba 2013 baraza la wazee wa mahakama mjini Omaha liliona chuo kimembagua na hakikuthibitisha mzigo wowote uliopita kiasi, ingawa halikuona kwamba kilikusudia, hivyo hakulipwa fidia. Desemba mwaka huo jaji aliamuru apewe maandishi darasani na wakalimani kliniki. Miaka minne ilikuwa imepita tangu aingie.

Mwaka wa fedha katika Kenya na Tanzania huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya siku hiyo, kila baraza la chuo chenye kozi za udaktari, uuguzi, ualimu au sheria limuulize mkuu wa fedha maswali mawili: wakalimani, maandishi ya nukta nundu na visaidizi vingine vimetengewa shilingi ngapi, na fungu hilo limewekwa ofisi ya makamu mkuu wa chuo au limeachiwa idara? Majibu yawekwe kwenye maandishi, na wanafunzi wenye ulemavu wapewe nakala.