Je, Wajua? Mwenzi wako halali, wala hachoki

Je, wajua kwamba kukosa usingizi na kutouhitaji ni mambo mawili mbalimbali? Mwenye mawazo hugaagaa kitandani usiku kucha, asubuhi macho mekundu na mwili mzito. Aliyepandishwa na baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu na kumshusha kwa vipindi, hulala kwa saa mbili tu, akaamka kabla ya adhana, akapiga deki, akafua mapazia, akawapigia ndugu simu kuhusu mradi wa kuku alioupata usiku, na jioni bado anatafuta la kufanya. Hali hiyo ikiendelea siku kadhaa, usijiliwaze kwamba mwenzio siku hizi amechangamka tu.

Je, wajua kwamba anayenuna asubuhi na kucheka jioni hana baipola kwa sababu hiyo pekee? Madaktari huhesabu siku. Kupanda kukali hudumu walau wiki moja, isipokuwa kama mgonjwa amelazimika kulazwa mapema. Kupanda kwepesi walau siku nne mfululizo. Kushuka, yaani sonona, wiki mbili au zaidi.

Je, wajua kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 40 wanaishi na baipola? Mara nyingi huanza ujanani, kwa hiyo wapo wengi walioingia nayo kwenye ndoa bila kujua jina lake.

Je, wajua kwa nini miaka hupita bila ugonjwa kugundulika? Mgonjwa huenda hospitali akiwa ameshuka. Akiwa juu hujiona mzima kuliko sote, aende kutafuta nini? Daktari husikia huzuni, akaandika dawa za sonona, na dawa hizo zikitumiwa peke yake zaweza kumpandisha mwenye baipola. Ndiyo maana naamini shahidi muhimu kuliko wote ni mume au mke. Yeye ndiye aliyekuwapo mgonjwa alipokuwa juu.

Shika daftari basi. Usiandike “amebadilika” wala “ana kichaa”. Andika: Jumanne, kalala saa nane usiku, kaamka saa kumi. Kakopa kwenye simu mara tatu kwa siku moja. Kaleta mifuko ishirini ya saruji, na kiwanja hatuna. Kaongea tangu chai hadi chakula cha mchana, hakatizwi. Akikataa kwenda kumwona daktari, nenda wewe kwanza, ueleze uliyoyaona.

Lakini jina la ugonjwa mwachie daktari. Tezi ya shingoni ikizidisha kazi, steroidi, bangi, miraa, hata kaswende iliyofika kwenye ubongo, vyote vyaweza kuleta sura kama hiyo, na vinahitaji kupimwa.

Je, wajua kwamba kutouona ugonjwa ni sehemu ya ugonjwa wenyewe? Si kiburi. Kubishana naye usiku wa manane hakumtulizi, na kumwambia “una wazimu” hufunga mlango. Ngoja atulie, kisha sema: “Mume wangu, naona hulali, nami naogopa.” Huo ndio wakati wa kupatana, naye mwenyewe akichagua: akipanda tena, hati ya nyumba na kadi ya benki zishikwe na nani, na kaka au shangazi yupi aitwe. Sheikh au mchungaji akitaka kuomba, aombe. Balaa ni pale dawa zinapoachishwa, au mtu anapofungwa kamba.

Na ukipigwa, ondoka na watoto. Ugonjwa hauhalalishi kipigo, na kumtafutia matibabu ukiwa kwa ndugu zako si kumtelekeza.

Je, wajua kwamba mwanamke mwenye baipola huwa katika hatari kubwa ya kuchanganyikiwa vibaya siku na wiki chache baada ya kujifungua? Mama wa siku arobaini anayekesha na kusema yasiyoeleweka apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba kumuuliza mtu kama anawaza kujiua hakumtii wazo hilo kichwani? Uliza waziwazi. Akikubali, usimwache peke yake, toa nyumbani dawa ya kuulia wadudu wa shambani, mpeleke hospitali. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinakiuka Katiba. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kusema.

Je, wajua kwamba lithiamu, iliyotangazwa na daktari John Cade wa Australia mwaka 1949, hadi leo ni miongoni mwa dawa chache zilizoonekana kupunguza vifo vya kujiua? Ni aina ya chumvi, na kipimo chake ni chembamba: ikipungua haifanyi kazi, ikizidi ni sumu. Anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara. Kuharisha, jua kali na kukosa maji huipandisha mwilini, na vidonge vya maumivu kama diklofenaki, vile vinavyouzwa kila duka la dawa, navyo vivyo hivyo. Mwezi wa Ramadhani huleta kiu ya mchana pamoja na usingizi uliokatwa na daku, na usingizi uliokatwa peke yake waweza kumpandisha mgonjwa. Mwoneni daktari mkiwa wawili tangu Shaaban, msingoje hadi funga ya tatu.