MWALIMU MPYA WA WATOTO WALEMAVU: AJUE NINI, AWEZE NINI?



Katika kambi za mashamba ya miwa na chai, na katika vyumba vya kupanga karibu na viwanda vya Kampala na Jinja, wako watoto wanaofungiwa ndani wakati wazazi wako zamu. Huyu hasikii, yule haoni, mwingine ni mzito wa kufahamu. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote, UPE, ulipoanza mwaka 1997, serikali ilitangaza kulipia watoto wanne wa kila jamaa, na mtoto mlemavu atangulizwe. Baadaye mlango ukafunguliwa kwa watoto wote. Lakini mlango haufundishi. Anayefundisha ni mwalimu.

Walimu hao huandaliwa Kyambogo, hapa hapa Kampala. Chuo cha taifa cha elimu maalumu, kilichojulikana kama UNISE, kiliunganishwa mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Kyambogo. Mwalimu mpya akifika kwenye shule ya watoto wetu, tumtazamie nini?

Kwanza, amjue mtoto kabla ya kumpa jina. Fundi hodari husikiliza mashine kabla ya kushika spana. Mtoto anayeitwa mjinga pengine hasikii vizuri; anayeitwa mvivu pengine haoni ubao. Mwalimu aandike mtoto anaweza nini leo, na baada ya mwezi apime tena.

Pili, awe na chombo cha kazi. Kwa kiziwi, chombo ni lugha ya ishara, ambayo Katiba ya 1995 inaitaka serikali iikuze. Mwalimu asiyeijua atapaza sauti mchana kutwa bure. Kwa asiyeona, chombo ni maandishi ya nukta nundu, yanayosomwa kwa vidole.

Tatu, aweze kugawa kazi vipande vipande. Hata kunawa mikono kuna hatua zake: kulowesha, kupaka sabuni, kusugua, kusuuza. Mtoto mzito wa kufahamu apewe hatua moja. Akiizoea, aongezwe ya pili.

Nne, ashirikiane na walimu wenzake na wazazi. Watoto wengi walemavu wamo katika madarasa ya kawaida yenye wanafunzi wengi, na mwalimu mmoja hawezi kuwafikia peke yake. Mzazi ndiye ajuaye mtoto anapenda nini na anaogopa nini. Mwalimu amwulize.

Nasi tuna wajibu wetu. Tujifunze ishara anazofundishwa mtoto, ama sivyo atazungumza shuleni na kurudi kuwa bubu nyumbani kwake. Tena, palipo na shule ya shamba, tawi la chama liulize: yupo mwalimu aliyesomea kazi hii? Kama hayupo, jambo hilo liingizwe katika mazungumzo na mwajiri, pamoja na mshahara na nyumba. Mzazi mmoja akiuliza peke yake huambiwa angoje. Kidole kimoja hakivunji chawa.