King'ora Hakishiki Mwizi: Alamu ya Gari la Kikundi

Kikundi huchanga kwa miaka ndipo kinunue pikapu ya kubeba maziwa au mboga. Usiku mmoja unatosha kuipoteza. Kabla hamjamlipa fundi wa kufunga alamu, jueni mnanunua nini.

Alamu ina sehemu hizi:

1. Kisanduku cha kuongoza, kinachofichwa nyuma ya dashibodi. Huu ndio ubongo. Hutumia umeme wa betri ya volti 12.
2. Swichi za milango na boneti. Mlango ukifunguliwa, kisanduku hupata habari.
3. Kifaa cha kuhisi mtikisiko. Kikiwekwa kikali mno, kila lori likipita alamu italia, na majirani watazoea wasitoke.
4. King'ora, chini ya boneti. Mdomo wake uangalie chini maji yasiingie.
5. Rilei ya kuzuia gari lisiwake.
6. Rimoti.

Sasa, wengi huuliza tu king'ora kinalia namna gani. Lakini king'ora kazi yake ni kuita watu. Pasipo na jirani, nani atakuja? Sehemu inayomzuia mwizi kuondoka na gari ni rilei.

Hapo muwe macho. Fundi akikata stata peke yake, gari la gia za mkono litasukumwa na kuwaka. Afadhali akate pia umeme wa pampu ya mafuta au wa koili. Kwa dizeli za zamani, akate ule unaofungua mafuta kwenye pampu. Lakini rilei isikate kamwe gari likitembea. Injini ikizimika barabarani, usukani na breki huwa vizito, na watu wanaweza kufa.

Siku ya kufunga, mwanachama mmoja asimame na fundi. Waya wa hasi wa betri utolewe kwanza, urudishwe mwisho. Waya wa kuleta umeme uwe na fyuzi karibu na betri, kwani bila fyuzi waya ukichubuka gari laweza kuungua. Viungo vilehemiwe na kufungwa tepu, visisokotwe tu.

Mwisho, alamu hula betri pole pole. Gari likikaa majuma mengi bila kuwashwa, betri itaisha.

Rimoti ya pili ikae kwa mweka hazina na iandikwe. Mali bila daftari huisha bila habari.