Kibeho, miaka 45: mkristu wa Kivu ajitayarishe namna gani kwa hija?

Tarehe 28 Novemba 2026 itatimia miaka 45 tangu Alphonsine Mumureke, mwanafunzi wa shule ya sekondari, aseme kwamba Bikira Maria amemtokea katika chumba cha chakula cha shule yao ya Kibeho, kusini mwa Rwanda. Kila mwaka tarehe hiyo inakusanya mahujaji kutoka Rwanda, Burundi, Uganda, Tanzania na nchi za mbali. Wakristu wa Goma, Bukavu na vijiji vya jirani wamekuwa wakienda pia, mara nyingi kwa vikundi vya parokia.

Kwa mkaaji wa Kivu, Kibeho si mbali. Kutoka Bukavu ni chini ya kilomita 200, na kutoka Goma kwa kupitia Kigali ni zaidi kidogo ya kilomita 300. Lakini tangu AFC/M23 ichukue Goma mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, safari hiyo fupi imekuwa na mambo mengi ya kufikiria: karatasi, feza, na lile swali ambalo wengi wanajiuliza kimoyomoyo, kama ni vizuri kwenda kusali Rwanda wakati huu. Atakayeenda bila kupanga anaweza kurudishwa mpakani, au kufika na kurudi bila kujua ni mahali gani alipokanyaga.

Kilichotokea Kibeho

Alphonsine alikuwa wa kwanza. Mwanzoni wenzake wengi walimcheka. Januari 1982 mwanafunzi mwengine, Nathalie Mukamazimpaka, naye akasema ameona. Machi ya mwaka ule ule ikawa zamu ya Marie Claire Mukangango, ambaye mbele ya hapo alikuwa kati ya wale waliompinga Alphonsine kwa ukali. Alphonsine alisema kwamba yule aliyemtokea alijiita kwa kinyarwanda Nyina wa Jambo, maana yake Mama wa Neno. Maono ya Alphonsine yaliendelea mpaka tarehe 28 Novemba 1989.

Siku inayokumbukwa kuliko zote ni 15 Agosti 1982. Mbele ya umati wa watu, wasichana hao walilia na kutetemeka kwa muda mrefu. Walisema wameona mito ya damu, watu wanaouana, na maiti zilizoachwa bila mtu wa kuzizika. Baada ya mwaka 1994, wengi waliona kwamba hayo yalikuwa onyo.

Kanisa halikukimbilia kukubali. Askofu wa Butare, Jean Baptiste Gahamanyi, aliunda tume mbili, moja ya waganga na nyingine ya wataalamu wa teolojia, na mwaka 1988 aliruhusu watu wasali pale hadharani. Hukumu yenyewe ilikuja tarehe 29 Juni 2001, wakati Augustin Misago, askofu wa Gikongoro, alipotangaza kwamba Bikira Maria alimtokea kweli Alphonsine, Nathalie na Marie Claire. Ni hao watatu tu. Kulikuwa na watu wengine waliosema wameona, lakini maono yao hayamo ndani ya tangazo hilo. Ni vizuri hujaji ajue jambo hilo, kwa sababu vitabu na kanda nyingi zinazouzwa zinachanganya yote.

Karatasi kwanza

Watu wa mpakani wamezoea kuvuka kila siku, na mazoea hayo ndiyo yanawadanganya. Jeton wanayochukua wafanyabiashara kwenye Petite Barrière ya Goma ni kwa safari fupi za jirani. Haikutengenezwa kwa mtu anayeenda kulala siku tatu ndani ya Rwanda. Kwa safari kama hiyo inatakiwa pasipoti ambayo muda wake haujaisha, au karatasi ya kusafiria inayotambuliwa na pande zote mbili za mpaka. Kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu inafanya kazi ya kitambulisho, isichukuliwe kuwa inatosha.

Kwa wale ambao pasipoti zao zimeisha tangu vita, hapo ndipo penye ugumu. Pasipoti inatolewa na serikali ya Kinshasa, na tangu mapema 2025 Goma na Bukavu hazimo mikononi mwake. Kwa hiyo kiongozi wa kikundi asianze na kuhesabu viti vya basi. Aanze na kukusanya karatasi za kila mtu miezi miwili au mitatu mbele ya safari, kisha aende mwenyewe kuuliza huduma za uhamiaji za pande zote mbili ni zipi zinapita. Kanuni za mpaka zinabadilika, na jibu la mwaka uliopita halimsaidii mtu wa leo. Mtoto anayesafiri bila wazazi wote wawili abebe barua yao ya ruhusa.

Kitu kingine kinachowakamata wengi: Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki tangu 2008, na mpakani wanapekua. Chakula na nguo zipakiwe ndani ya sakoshi ya kitambaa.

Njia mbili

Kutoka Bukavu, mtu anavuka kwa Ruzizi I au Ruzizi II na kupanda basi Kamembe. Barabara inapita katikati ya msitu wa Nyungwe, yenye kona nyingi, inashuka Nyamagabe na kufika Huye, mji ambao wazee wetu wanaujua kwa jina la Butare. Ni karibu kilomita 150. Anayesumbuliwa na kichefuchefu ajitayarishe, Nyungwe haimhurumii mtu. Kutoka Huye mpaka Kibeho ni kama kilomita 30, na siku hizi ni lami.

Kutoka Goma, njia ya kawaida ni Gisenyi, Musanze, kisha Kigali kwenye kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Pale unachukua basi jingine la Huye, karibu kilomita 130 kuelekea kusini. Kwa wazee na wagonjwa, kufanya yote kwa siku moja ni mzigo. Ni afadhali kulala Kigali au Huye na kuingia Kibeho asubuhi. Saa haibadiliki: saa ya Goma na Bukavu ndiyo saa ya Rwanda.

Ukiwa na kikundi cha watu wengi, kukodi basi nzima kunasaidia hasa wakati wa kurudi. Siku ya sikukuu, umati wote unatafuta gari saa moja, na anayetegemea mabasi ya kawaida anaweza kubaki njiani mpaka usiku.

Tarehe na mahali pa kulala

Siku kubwa ni mbili: 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, na 28 Novemba. Kuna pia 15 Septemba, siku ya Mama Maria wa Mateso. Mwaka 2026, tarehe 28 Novemba ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na kwa kawaida hiyo ndiyo siku ya umuganda, kazi ya pamoja ambayo inasimamisha magari ya Rwanda asubuhi mpaka karibu saa tano. Anayetaka kuwa kwenye Misa asipange kusafiri asubuhi hiyo, afike siku moja mbele.

Kibeho ni kijiji. Nyumba za kupokea wageni, zile za masista na mapadri pamoja na hoteli ndogo, zinajaa mapema kwa sikukuu, na wengi wanakesha nje. Ni juu ya vilima, usiku kuna baridi, na Novemba ni mwezi wa mvua. Blanketi, koti la mvua na viatu vilivyofunga havipaswi kukosa. Anayekunywa dawa kila siku abebe za kutosha, na asifiche ugonjwa wake kwa viongozi wa kikundi.

Anayetafuta kimya cha kusali achague wiki ya kawaida. Misa zipo, njia ya msalaba ipo, na unaweza kukaa muda mrefu ndani ya kikanisa kilichokuwa zamani bweni la wanafunzi bila kusukumwa na mtu. Kuna kanisa kubwa la Mama Maria wa Mateso, lililobarikiwa mwaka 2003, na bondeni kuna chemchemi ambako mahujaji wanachota maji. Lugha ya kwanza ni kinyarwanda. Kikundi kinachotaka Misa ya kiswahili kisafiri na padri wake, na kiandikie ofisi ya mahali pa hija mapema.

Kuhusu feza, wengi katika miji yetu wamepoteza akiba au kazi, na benki nyingi za Goma zilifunga milango tangu Januari 2025. Ndiyo maana vikundi vinavyofaulu ni vile vinavyochanga kidogo kidogo kila wiki, kama katika AVEC, kwa hesabu inayoandikwa na kusomwa mbele ya wote. Dola ziwe safi, zisizochanika, na zibadilishwe kuwa franga za Rwanda mahali panapotambuliwa.

Ardhi yenye damu

Hakuna haki ya kumpeleka mkristu Kibeho bila kumwambia yaliyotokea huko baada ya maono. Aprili 1994, maelfu ya Watutsi waliokimbilia parokia ya Kibeho waliuawa ndani ya kanisa na kandokando yake. Leo pale kuna ukumbusho wa mauaji ya kimbari. Marie Claire mwenyewe aliuawa mwaka ule.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 22 Aprili 1995, kulikuwa na kambi kubwa ya wakimbizi wa ndani, wengi wao Wahutu, na jeshi la Rwanda liliwafyatulia risasi wakati wa kuifunga. Serikali ilitangaza kwamba waliokufa ni 338. Askari wa Australia waliokuwa na MINUAR walihesabu karibu maiti 4.000.

Kwa Mkongomani wa mashariki, habari hizi si za nchi ya mbali. Wakimbizi waliovuka mpaka 1994, vita vya 1996, kambi zilizozunguka Goma, vyote vinatoka kwenye shina hilo moja. Anayejiuliza kama aende hana jibu moja linalofaa watu wote: kuna aliyepoteza mtoto na hawezi kuvuka mpaka huo leo, na kuna anayevuka kwa sababu anataka kulia mahali ambapo wengine nao walilia. Mapadri wanaotayarisha vikundi wangefanya vizuri kuzungumzia swali hilo waziwazi mbele ya safari, kuliko kuliacha lipasuke ndani ya basi. Maaskofu wa Kongo, Rwanda na Burundi bado wanakaa meza moja ndani ya ACEAC.

Kwa yule ambaye karatasi, feza au moyo haviruhusu, sala iliyoenea kutoka Kibeho haina mpaka. Marie Claire alihimiza Rozari ya Mateso Saba, sala ya zamani ambayo wengi walikuwa wameisahau. Teso la pili kati ya yale saba ni kukimbilia Misri: mama, mtoto na baba wanaotoroka usiku kwa sababu ya watu wenye silaha. Katika Kivu hakuna haja ya kulieleza. Na mji wa Goma sasa una mwenyeheri wake, Floribert Bwana Chui, aliyeuawa 2007 kwa kukataa hongo ili chakula kilichoharibika kisiingie sokoni, na akatangazwa mwenyeheri Roma tarehe 15 Juni 2025. Kwa kumkumbuka yeye, mtu wa Goma haombwi jeton wala pasipoti.