Kunguni kitandani: anza na maji ya moto, acha sumu

Familia ikigundua kunguni kitandani, mara nyingi jambo la kwanza ni kunyamaza. Majirani wakijua watasema ni uchafu. Lakini kunguni hachagui nyumba chafu wala safi. Anafuata damu, na huingia na begi la safari, godoro la mtumba au sanduku la mwanafunzi aliyerudi kutoka bweni.

Aibu hiyo ndiyo inayowafanya wengine wanunue kimyakimya dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji isiyo na lebo. Huenda ni dawa ya shambani, nayo inapuliziwa godoro analolalia mtoto. Hatari zaidi ni vile vidonge vya kuhifadhia nafaka. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, inayoua mdudu, panya na binadamu. Februari 2015, mjini Fort McMurray, Kanada, watoto wawili wa familia moja walifariki baada ya vidonge vya aina hiyo kutumika nyumbani kwao kuua kunguni. Visiingie chumbani kamwe.

Kinachomaliza kunguni bila sumu ni joto. Yeye na mayai yake hawavumilii nyuzi 50 za Selsiasi. Shuka na foronya ziloweke kwenye maji ya moto sana, kisha zianike. Kitanda kitoe nje, ng'oa chaga, mimina maji yanayochemka taratibu kwenye viungio, nyufa na matundu ya misumari. Humo ndimo anamotaga. Watoto wakae mbali. Godoro la sponji usilimwagie, halitakauka upesi. Sugua mishono yake kwa brashi ngumu. Kulianika tu hakutoshi, kwani kunguni huhamia upande wenye kivuli.

Wengi hukosea hapa: wanafanya kazi hii mara moja, wanalala usingizi siku chache, kisha wanasema maji ya moto hayafai. Mayai yaliyosalia huanguliwa ndani ya wiki moja hadi mbili. Rudia kila wiki kwa mwezi mmoja au zaidi. Kukihama chumba hakusaidii pia, kwa kuwa kunguni mzima anaweza kukaa miezi bila kula.

Usiku, sogeza kitanda mbali na ukuta na uweke kila tendegu ndani ya kopo lenye maji ya sabuni. Badilisha maji hayo kila siku mbili tatu, mbu wasije wakazaliana.

Moshi wa mwarobaini huenda ukawasumbua, lakini usiutegemee kuua mayai. Majani ya maharage ni habari nyingine. Zamani, katika nchi za Balkani, watu waliyatandaza sakafuni usiku, na asubuhi wakayakusanya na kuyachoma pamoja na kunguni walionaswa. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walieleza sababu: vinyweleo vilivyopinda kama ndoano huchoma miguu ya mdudu na kumshika. Yawe mabichi tu, na bado hayachukui nafasi ya maji ya moto.

Kwenye nyumba ya kupanga, chumba kimoja kikisafishwa na cha jirani kikaachwa, kunguni watarudi kupitia nyufa za ukuta. Afadhali kumwambia jirani mapema, mkakubaliana Jumamosi moja vitanda vyote vitoke uani.